Ng'ombe mwenye kialama chake

Ilikuwa saa nane mchana, Nkuhungu hapa Dodoma, feni inazungusha joto lile lile, mimi napitia kazi ya dogo wetu aliyekuja fildi. Nikakutana na mstari huu wa Python, lugha ya kuandikia programu:

`jumla_ya_ngʼombe = 0`

Nikamwambia, "Dogo, hii haiwezi kukubali. Hicho kialama ni cha kufungulia stringi, Python ataona umefungua maneno hujafunga, atakutapikia makosa mpaka uchoke."

"Kaka, we iendeshe kwanza uone."

Nikaiendesha. Imekubali. Testi zote kijani.

Tunatengeneza mfumo mdogo wa stakabadhi za ushuru wa mnada, ng'ombe anaingia, anauzwa, ushuru unalipwa, ujumbe unaenda kwenye simu ya aliyelipa, basi. Kwa hiyo ng'ombe wametapakaa kila faili. Siku zote tunaandika `ngombe`, mwingine akijisikia anaandika `cattle`, na hakuna anayeuliza. Sasa huyu kijana kaja na ng'ombe kamili, kialama kiko mahali pake kama kwenye kitabu cha darasa la pili, na kompaila, ile inayotafsiri programu kwa kompyuta, wala haikohoi.

Hapo hapo dada tunayefanya naye kazi, yeye ni mtu wa databesi, akataka kurekebisha ile hesabu. Akafungua faili, akabonyeza pa kutafutia, akaandika ng'ombe kwa kibodi yake. Majibu: hakuna. Neno analiona kabisa pale kwenye skrini, karibu alishike kwa mkono, na edita inamwambia halipo.

"Hili jini," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Jini likabaki na mimi wiki na wiki.

## Apostrofi ziko tatu

Kwa macho ni kitu kimoja, ila kwa kompyuta ni watu watatu tofauti.

Kuna ile iliyonyooka, ya kwenye kibodi, namba yake U+0027, hiyo ipo tangu ASCII ya 1963, ile seti ya zamani ya herufi za Kiingereza za kompyuta. Kuna iliyopinda, U+2019, ambayo simu yako au Word inakuwekea yenyewe bila hata kukuuliza. Halafu kuna ya tatu, U+02BC, ambayo wengi wetu tunakufa hatujawahi kuisikia, na ukiiangalia huwezi kuitofautisha na hiyo iliyopinda.

Tofauti yao haiko kwenye umbo, iko kwenye daftari la Unicode, lile linaloipa kila herufi ya dunia namba yake. Zile mbili za kwanza zimeandikishwa kama alama za uandishi, ziko kundi moja na nukta na mkato. Ya tatu imeandikishwa kama herufi. Herufi halali kama a na b. Na lugha nyingi za siku hizi, Python 3, JavaScript, Java, Go, haziulizi kama hiyo herufi ni ya Kiingereza, zinauliza tu, Unicode imesema hii ni herufi? Imesema. Pita.

Dogo alikuwa ameisoma mahali, akaikopi kutoka kwenye jedwali la herufi, akaipesti. Nikamuuliza, sasa kila ukitaka kuandika ng'ombe unafanyaje? Akanionyesha. Anapanda juu, anakopi kutoka mstari wa kwanza, anashuka, anapesti. Anaandika programu kwa kuhamisha ng'ombe mmoja mmoja.

Nilichokuja kugundua baadaye ndicho kilichonichekesha zaidi. Haskell, ile lugha ambayo chuoni tulikuwa tunaikimbia, inakubali `ng'ombe` kwa apostrofi ya kawaida kabisa ya kwenye kibodi, hakuna ujanja wowote, kwa sababu watu wa hesabu walitaka kuandika x' bila kubugudhiwa. OCaml nayo hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mfugaji wa Bahi, ila imetokea tu tukafaidi.

## Wenzetu walishagombana sana

Huu ugomvi wa herufi kwenye majina ya vigeu, yale majina tunayohifadhia thamani ndani ya programu, ni wa zamani. Java ilifungua mlango tangu 1996. Python ilisubiri mpaka toleo la 3.0, Desemba 2008, baada ya Martin von Löwis kupeleka pendekezo lake, PEP 3131, mwaka 2007, na watu wakabishana kweli kweli. Rust imekuja kuruhusu 2021. Hoja za pande zote mbili unazijua hata bila kusoma: huyu anasema mtoto wa Kichina asiyejua Kiingereza naye ana haki ya kuandika programu, yule anasema mimi hiyo programu nikiletewa nitairekebishaje wakati hata kuichapa siwezi. Python wenyewe walikubali kisha ndani ya nyumba yao wakakataa, maana kwenye maktaba rasmi sharti ni ASCII tupu na maneno yawe ya Kiingereza pale inapowezekana. Warusi wao hawakusubiri ruhusa ya mtu, wana 1C, mfumo wa mambo ya uhasibu, lugha yake ya programu mtu anaiandika kwa Kirusi mpaka maneno ya amri, na maduka na viwanda vinaenda.

Go ndiyo ina kituko changu pendwa. Pale, jina likianza na herufi kubwa maana yake limetoka nje, mafungu mengine ya programu (pakeji) yanaweza kulitumia, likianza na ndogo ni la ndani. Safi sana. Ila Kichina hakina herufi kubwa wala ndogo. Kwa hiyo Mchina akitaka jina lake litoke nje inabidi atangulize herufi ya wageni mbele yake. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila kanuni ilitungwa na watu ambao mwandiko wao una kubwa na ndogo, wakadhani dunia nzima iko hivyo.

Sisi kwenye ugomvi huu tunakaaga jukwaani kama watazamaji. Kiswahili sanifu, tangu ile kamati ya kukisanifisha ya 1930, kimekaa ndani ya herufi za taipureta. Hakuna nukta za juu, hakuna kofia, hakuna mikia. Ukichukua kompyuta ya 1980 unaandika nayo programu nzima ya Kiswahili na hakuna herufi itakayokataa. Kwa hiyo tukiandika vigeu vyote kwa Kiingereza tusisingizie kompaila, tumeamua wenyewe, na mara nyingi hata hatukuamua, tuliiga tu mfano wa kwanza tuliouona.

Isipokuwa hicho kialama.

## Dodoma imejaa vialama

Ungekuwa unakaa mji mwingine labda usingeona tatizo. Hapa kwetu kuna kata ya Chang'ombe. Kuna kata ya Ng'hong'onha, ambayo kialama kimeingia mara mbili kwenye jina moja, na hiyo h baada ya ng' si ya urembo, Wagogo wanaitamka, pumzi inapita puani.

Dada wa databesi alinifungulia jedwali la makazi ya wafanyabiashara wa mnada, lile tulilorithi kwa mfumo wa zamani wa watu wengine. Tukakuta Ng'hong'onha. Tukakuta Nghonghonha. Ng’hong’onha yenye apostrofi zilizopinda, hiyo dhahiri imetoka kwenye simu. Ng'ong'ona, huyu aliyeandika aliamua kurahisisha. Kwa mtu yeyote anayekaa hapa ni sehemu moja, kwa databesi ni kata nne, na ukiomba ripoti ya kata inakuja imegawanyika vipande vipande.

Na pale unaona hata historia ya kilichotokea. Aliyeandika Nghonghonha si kwamba hajui kuandika. Ile fomu ya zamani ilikuwa inagoma. Ukiweka apostrofi inakwambia kuna herufi zisizoruhusiwa, kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa anaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri ya SQL, lugha ya kuongea na databesi, na kwenye SQL apostrofi ndiyo inafunga stringi. Badala ya kurekebisha amri zake akawakataza watu majina yao. Tunaambiwa ni usalama. Ni uvivu, na wanaolipa ni wakazi.

Hapo ndipo nikaanza kumwangalia dogo kwa jicho lingine. Mimi namwambia toa kialama kwenye kigeu kwa sababu kinasumbua, na yule wa fomu naye si ndivyo alivyosema?

## Rafiki yangu wa Kondoa

Nilimpigia rafiki yangu mmoja, mwalimu, Mrangi wa Kondoa, ambaye jioni anajifundisha JavaScript na ametengeneza kiprogramu cha watoto kujifunza maneno ya Kilangi. Nikamweleza stori ya ng'ombe. Akacheka mpaka simu ikakata.

Alipopiga tena akasema, "Nyie mna kialama kimoja mnalia. Mimi je?"

Kilangi kina irabu saba. Tano hizi tunazozijua, na mbili zaidi zinazoandikwa ɨ na ʉ, i na u zenye mstari katikati. Ukizifanya i na u za kawaida unaangusha irabu mbili za lugha ya watu, na maneno yanaanza kugongana. Halafu kuna mkazo wa sauti unaowekwa juu. Januari kwa Kilangi ni Kʉfúngatɨ, na hili hata si jambo la kutafuta, liko kwenye hazina ya CLDR ambayo mifumo ya simu na kompyuta inachota humo majina ya miezi, yaani simu yako huenda inalo na wewe hujui.

Yeye vigeu vyake ameandika kwa Kilangi. Vyote. Na mambo yaliyompata ukiyasikia unaelewa kwa nini watu wanakata tamaa. Ile ú ya Kʉfúngatɨ inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama u ikifuatiwa na alama ya mkazo peke yake. Kwenye skrini hakuna tofauti hata chembe. Python inazisawazisha, kwake ni jina moja. JavaScript haisawazishi, kwake ni vigeu viwili, kwa hiyo alikuwa anaweka thamani kwenye Kʉfúngatɨ hii, anasoma Kʉfúngatɨ ile, anapata utupu, na hakuna wa kumwambia kwa nini. Na ile ʉ, herufi yake kubwa, Ʉ, imeingia kwenye Unicode mwaka 2006. Yaani Unicode, huo umoja wa mataifa wa kompyuta, umeshakaa miaka kumi na tano tangu toleo la kwanza la 1991 ndio sentensi ya Kilangi inayoanza na hiyo sauti ikapata herufi yake kubwa.

Akaniuliza, "Niviondoe?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitakupigia.

## Alama ya mshangao ambayo si ya mshangao

Kilichonivuruga kabisa kilitoka wilaya jirani.

Ukitoka Kondoa ukaingia Chemba, upande wa Kwa Mtoro, ni nchi ya Wasandawe. Kisandawe kina zile sauti za kugonga ulimi, na wanaisimu wakiziandika wana herufi zake: ǀ, ǁ, ǃ. Hiyo ya mwisho iangalie vizuri. Siyo alama ya mshangao. Ni U+01C3, herufi halali kwenye Unicode, kwa hiyo inaruhusiwa kwenye jina la kigeu.

Mwaka 2021 watu wa usalama walionyesha kitu kwa kutumia hiyo herufi. Unaandika kwenye JavaScript sharti la kufungua mlango wa majaribio, `if (mazingiraǃ= "kazini")` (wao walitumia maneno yao, mimi nimeweka yangu). Anayepitia anasoma, mazingira si sawa na kazini, basi ni majaribio tu, anaitikia kichwa, anapitisha. Kumbe kompyuta imesoma kigeu kinaitwa `mazingiraǃ` na kinapewa thamani, hakuna ulinganishi wowote, na sharti linakubali kila siku. Mlango uko wazi na umeidhinishwa kwa saini. Mwaka huo huo Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Cambridge walitoa utafiti wao, Trojan Source, wakaonyesha jinsi alama za kugeuza mwelekeo wa maandishi, zile za ajili ya Kiarabu na Kiebrania, zinavyoweza kufanya msimbo usomeke hivi na ufanye vile. Na wakagusia mapacha, ile а ya Kirusi ambayo huwezi kuitofautisha na a yetu.

Dawa rahisi wanayokimbilia wengi ni kukataa chochote kisicho ASCII kwenye msimbo, na kweli inafanya kazi.

Niliposoma hiyo nilikaa kimya muda. Maana dawa ni ya kweli, mimi mwenyewe kwenye mfumo unaoshika pesa za watu nisingelala bila hiyo dawa, lakini angalia nani kafungiwa nje. Herufi iliyowekwa kwa ajili ya lugha zenye sauti kama za Kisandawe, kazi ya kwanza ambayo madevelopa wengi duniani wameisikia ikifanya ni utapeli.

Nikajipa moyo kwamba kuna njia ya katikati. Tatizo si herufi, tatizo ni mchanganyiko, а ya Kirusi katikati ya neno la Kilatini, basi tukatae michanganyiko tu, na Rust wanafanya karibu hivyo, wanakupa onyo ukichanganya miandiko au ukiwa na majina mawili yanayofanana sura. Nikaona nimemaliza. Nikaenda kuangalia ǃ imeandikishwa mwandiko gani.

Kilatini.

Haichanganyi chochote. Ni ya nyumbani. Ule mtego wangu wote inaupita ikitembea taratibu.

## Bili ya meseji ndiyo ilikata mzizi

Nimezunguka Chemba na Cambridge, kumbe lililoamua lilikuwa kwenye bili.

Dogo, kwa kuwa ni mtu wa msimamo, hakuishia kwenye kigeu. Aliweka kialama chake hata kwenye ujumbe wa stakabadhi, ule wa "Umelipia ushuru wa ngʼombe" na kuendelea. Sasa meseji za kawaida za simu zina seti yao ndogo ya herufi, na ukibaki ndani yake unapata 160 kwa ujumbe mmoja. Apostrofi iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Ya dogo haimo. Ukiweka herufi moja tu ya nje, moja, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka kuwa 70. Stakabadhi yetu inazidi 70. Kwa hiyo kila mwenye ng'ombe alikuwa anatumiwa ujumbe wa vipande viwili na sisi tunakatwa mara mbili. Mwenye mbuzi, kipande kimoja.

Yaani ng'ombe alikuwa anatugharimu kwa sababu ya kialama. Dada wa databesi alicheka mpaka akakaa chini.

Tukakaa watatu tukaamua. Kwenye data kialama hakitolewi, marufuku, mtu akisema anakaa Ng'hong'onha inaandikwa Ng'hong'onha na vialama vyote viwili, ila iwe ile iliyonyooka, kwa sababu ndiyo kibodi ya kila mtu inaitoa na ndiyo meseji inaipokea. Iliyopinda ikiingia, au ya U+02BC, inanyooshwa mlangoni kabla haijagusa databesi. Amri za SQL zinapokea maneno kama vigezo, hakuna kuunganisha. Kwenye majina ya vigeu, `ngombe`.

Dogo akasema, "Kwa hiyo tumerudi kule kule, kaka."

Kwenye kigeu ndiyo, tumerudi. Nikamwambia sababu yangu si usafi wala Kiingereza, maana maneno ni ya Kiswahili na yatabaki ya Kiswahili, `ushuru`, `mnada`, `mnunuzi`. Sababu ni kwamba siku mfumo ukigoma, mnada umejaa, na anayeurekebisha anatumia laptopu ya kuazima, lazima aweze kulichapa hilo jina na kulipata akilitafuta. Kigeu ni chetu sisi watatu na atakayetufuata, hakuna anayeitwa hivyo, hakuna anayekaa humo. Jina la kata lina wenyewe.

Hakuridhika sana. Akaomba maelezo ya pembeni, yale kompyuta isiyoyasoma, aruhusiwe kuandika anavyotaka. Nikataka kukubali, nikakumbuka zile alama za kugeuza mwelekeo zinapenda kujificha humo humo kwenye maelezo. Tumempa herufi, tumemnyima hizo alama. Kaandika testi mwenyewe ya kuzikamata.

Mwalimu wa Kondoa nilimpigia, nikamwambia asiondoe kitu. Kwake kila anayegusa ule msimbo anaandika Kilangi, kibodi ya ɨ wanayo kwenye mashine zao, hakuna pesa ya mtu humo ndani, na watoto wakifungua kuona programu imeandikwaje wataona lugha ya bibi yao. Nilichomshauri ni kimoja tu, aweke hatua ya kusawazisha faili zote kabla ya kuhifadhi ili ú iwe moja nchi nzima. Ameweka. Sasa anataka kuhamia Go kwa sababu kuna mtu kamsifia, nikamwambia huko angalau Ʉ utaikuta.

Sisi huku bado tunaunganisha kata. Tulidhani tumemaliza, orodha ya namna zote za kuandika Ng'hong'onha imekamilika, jana dada wa databesi akaniita nikaone nyingine. Ng`hong`onha. Mtu ametumia kile kitufe cha chini ya Esc, na kile nacho kina namba yake.